Kalamu na Mkasi: Majibu kwa Wanaotaka Kusema kwa Ufupi

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: tuandikeje kwa ufupi? Tumechagua nane. Tumezipunguza, kama mtakavyotarajia, ila maswali yenyewe hatukuyagusa.

Kiswahili kinarefusha?

*Ndugu Mhariri, ninatafsiri kutoka Kiingereza na ninalipwa kwa neno. Kila mteja analalamika kwamba Kiswahili kinarefusha kazi yake. Je, ni kweli lugha yetu haijui kusema kwa ufupi? – Mtafsiri, Nairobi*

Tuhesabu kwanza. Ibara ya 1 ya Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa mwaka 1948, ina maneno 30 kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili inasomeka hivi: “Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa. Wote wamejaliwa akili na dhamiri, hivyo yapasa watendeane kindugu.” Hayo ni maneno 19. Hata ukihesabu herufi pamoja na nafasi na alama, Kiswahili kina 120 na Kiingereza 170. Tazama mwisho wake: “yapasa watendeane kindugu” ni maneno matatu, na Kiingereza kimetumia kumi. Kazi imefanywa na kitenzi. Wa- ni watu, -tend- ni tendo lenyewe, -e- inalipeleka tendo kwa mwingine, -an- inalirudisha upande wa pili, na -e ya mwisho, ikifuatana na “yapasa”, inalifanya kuwa wajibu.

Kwa hiyo urefu anaouona mteja haukutoka kwenye lugha. Umetoka kwa mtafsiri anayelitafutia kila neno la Kiingereza mwenzake. “Amenunua vitabu kwa ajili ya watoto” ni maneno sita. “Amewanunulia watoto vitabu” ni matatu, na ndivyo mtu angesema akiwa nyumbani kwake. “Nilimwona wakati alipokuwa anaingia” ni “nilimwona akiingia”. “Ilimfanya acheke” ni “ilimchekesha”. Ukijikuta unaandika *kwa ajili ya*, *kumfanya*, *wakati ambapo* au *baada ya hapo*, simama uangalie kama hakuna mnyambuliko au kiambishi kinachoweza kubeba mzigo huo. “Baada ya hapo”, kwa mfano, mara nyingi ni -ka- tu: alifika, akakaa, akaomba maji.

Kisha ligeukie *amba-*. “Wafanyakazi ambao walichelewa” ni “waliochelewa”. Kirejeshi, ile -o- ya “waliochelewa”, huingia vizuri kwenye -li-, -na- na -taka- (waliofika, wanaofika, watakaofika) na kwenye ukanushi usiotaja wakati (wasiofika). Ila hakiingii kwenye -me-, hakuna “wameofika”. Hapo *ambao wamefika* ina haki ya kubaki, au useme *waliokwisha kufika*. Tunalisema hili kwa sababu kuna wahariri wanaofuta kila *amba-* wanayokutana nayo, halafu wanabadilisha wakati wa tendo bila kujua.

Yako pia maneno yasiyobeba kitu. “Suala zima la elimu” ni elimu. “Zoezi la upigaji kura” ni upigaji kura. “Kufanya uchunguzi” ni kuchunguza. “Aliweza kufika” ni alifika, isipokuwa kama kweli palikuwa na kizuizi. “Endapo kama”, “ili kusudi”, “lakini hata hivyo”, “vilevile pia”: kila jozi ina mtu na kivuli chake, chagua mtu.

Kuhusu malipo: ukilipwa kwa neno la Kiswahili, ustadi wako wote huu unakupunguzia pesa. Omba malipo yahesabiwe kwa maneno ya matini chanzi, yaani ya Kiingereza. Bei inajulikana kabla ya kazi kuanza, na hutakuwa na sababu ya kulea “suala zima la”.

Ujumbe mmoja, bili mara tatu

*Ushirika wetu wa wafugaji una wanachama 640. Tuliwatumia ujumbe mfupi wa simu kuhusu chanjo, herufi 144, chini ya kikomo cha 160. Tumetozwa jumbe 1,920. Kampuni inayotutumia inasema hesabu ni sahihi. Tumeibiwa? Ujumbe ni huu: “Chanjo ya ng’ombe ni Jumamosi 14 Juni, saa 1 asubuhi, joshoni. Njoo na kadi ya mifugo na Sh 1,000 kwa kila ng’ombe. Atakayechelewa hatahudumiwa.” – Katibu, Tukuyu*

Hamjaibiwa. Aliyewagharimu ni ng’ombe.

Kikomo cha herufi 160 kinahusu jedwali dogo la herufi ambalo simu zimelitumia tangu mwanzo: A hadi Z, tarakimu, alama za kawaida na herufi chache za Ulaya. Ritifaa (ile alama iliyo kwenye “ng’ombe”) iliyonyooka, inayosimama wima kama msumari, imo. Ritifaa iliyopinda, kama mkia wa koma, haimo. Ikiingia hata moja, ujumbe mzima huhamishiwa kwenye mfumo mpana zaidi wa herufi, na humo ujumbe mmoja hubeba herufi 70 tu. Ukizidi hapo hukatwa vipande vya 67, kwa sababu kila kipande kinahitaji nafasi ya maelezo ya kuviunganisha tena. Gawanya 144 kwa 67: mnapata vipande viwili na salio, yaani vitatu. Mara 640 ni 1,920. Hesabu ya kampuni imekaa sawa.

Bila shaka ujumbe uliandikwa kwenye kompyuta, kwenye programu ya kuandikia barua, kisha ukanakiliwa. Programu hizo hupinda ritifaa zenyewe ili ipendeze. Andikeni kwenye programu ya maandishi matupu kama Notepad, au zimeni mpangilio huo wa kurekebisha alama. Kwenye simu nyingi ukibonyeza kitufe cha ritifaa bila kuachia, hujitokeza aina zote mbili, chagueni iliyonyooka. Wakosaji wengine wa aina hiyo ni alama za kunukuu zilizopinda, deshi ndefu, nukta tatu zilizoungana kuwa alama moja, na vikatuni vya nyuso. Mabano ya mraba yamo kwenye jedwali, ila kila moja huhesabiwa mara mbili.

Msije mkatatua tatizo kwa kuandika “ngombe”. *Ng’oa* ni kung’oa mti. *Ngoa* ni wivu.

Sasa mkasi. “Atakayechelewa hatahudumiwa” ni herufi 27 za kitisho, na bado mfugaji hajui kuchelewa kunaanza saa ngapi. Mwambieni saa ya mwisho: “Chanjo ya ng’ombe: Jumamosi 14 Juni, saa 1-4 asubuhi, joshoni. Njoo na kadi ya mifugo na Sh 1,000 kwa kila ng’ombe.” Herufi 115, na swali moja limepata jibu. Zimebaki 45 ambazo hamlazimiki kuzijaza.

Wala msiingie kwenye “cjui” na “2taonana”. Mna nafasi ya kutosha, na wazee wengi watampa mjukuu awasomee.

Muhtasari wa mtihani

*Mwalimu anasema muhtasari wangu “unanakili”. Nafanyaje? – Mwanafunzi wa kidato cha nne, Kakamega*

Katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, ufupisho una alama 15, na sehemu ya alama hizo ni ya utiririko. Alama nyingine zote ni za hoja. Kwa hiyo soma swali kabla ya kifungu: ukiulizwa sababu za mmomonyoko, athari zake hazina alama hata ukizieleza vizuri namna gani. Piga mstari chini ya kila hoja inayojibu swali. Kwenye nafasi ya matayarisho andika kila hoja kwa maneno manne au matano, *ukiwa umefunika kifungu kwa mkono*. Hicho ndicho kinachozuia kunakili. Mkono ukiwa juu ya maneno ya mwandishi, huna budi kutumia yako. Kisha ziunganishe kwenye nakala safi, uhesabu maneno, uandike idadi.

Mifano hukatwa. Orodha hupewa jina moja la jumla: “ng’ombe, mbuzi na kondoo” ni mifugo, “mahindi, mtama na mpunga” ni nafaka. Hapa pana mtego. Kifungu kikisema “mahindi, mtama na maharage”, nafaka haitoshi, maana maharage ni jamii ya kunde. Andika “mazao ya chakula”, au uache hoja na maharage yake.

Risala ya kurasa saba

*Nimepewa kuandika risala ya mahafali ya kidato cha nne. Nina kurasa saba, na mkuu wa shule anataka dakika tano. Nikate wapi bila kumkasirisha mtu? – Mwalimu, Morogoro*

Mwalimu, anza kwa kupima. Kwa kipaza sauti, uwanjani, na watoto wanaopiga makofi katikati, kadiria maneno 110 hadi 120 kwa dakika. Dakika tano basi ni maneno 550 hadi 600, karibu kurasa mbili za chapa ya kawaida zenye nafasi kati ya mistari. Usipime kwa kusoma kimya, utajidanganya karibu mara mbili. Simama, soma kwa sauti, saa mkononi.

Itifaki ndiyo rahisi kuliko zote. Salamu za watu kumi na wanane kwa vyeo vyao zinaweza kumaliza dakika nzima kabla hujasema lolote, na atakayesahauliwa atanuna mpaka mwakani. Mtaje mgeni rasmi na mwenye nyumba, yaani mkuu wa shule au mwenyekiti wa bodi, kisha useme “itifaki imezingatiwa”. Msemo huo umechakaa, tunakubali, lakini unafanya kazi ya jedwali zima. Halafu hesabu mara ulizoandika “Ndugu mgeni rasmi” mwanzoni mwa aya. Mara kumi na nne ni maneno 42, zaidi ya sekunde ishirini za kumwita mtu aliyeketi mbele yako. Bakisha tatu: mwanzoni, kabla ya ombi, na mwishoni.

Historia ya shule iwe sentensi mbili: ilianza mwaka gani na wanafunzi wangapi, leo ina wangapi. Orodha ya wafadhili ipeleke kwenye ratiba iliyochapwa. Huko itasomwa na wafadhili wenyewe, na ndio wanaoijali.

Mahali pa kukaa ni kwenye changamoto, kwa sababu risala nyingi hufia hapo. Mwandishi huorodhesha kumi na moja: maji, umeme, uzio, maabara, bweni, vitabu, barabara, nyumba za walimu, kompyuta, vyoo, uwanja. Mgeni rasmi anapaswa kujibu papo hapo, hana karatasi, hana bajeti, na kichwani amebakiwa na mbili za mwisho. Jibu lake mnalijua: “Nimezipokea, nitazifanyia kazi.” Si kwamba ni mtu mbaya. Umempa mzigo ambao hauna pa kushika.

Mpe ombi moja, lenye idadi na bei: “Wanafunzi 96 wa kidato cha kwanza wanatumia seti 61 za meza na viti. Tunaomba seti 35. Fundi wa hapa anatengeneza seti moja kwa Sh 80,000, jumla Sh 2,800,000.” Maneno yasiyozidi 30, na mtu anaweza kusimama akasema “natoa kumi”, na wa nyuma yake akasema “nami tano”. Chagua ombi kwa kumtazama mgeni. Diwani anaweza kuisukuma barabara kwenye kikao. Meneja wa benki hawezi, lakini viti anaweza. Changamoto nyingine ziandike kwenye kiambatisho, umkabidhi pamoja na nakala ya risala mnapopeana mikono. Hivyo mkuu wa shule hatasema umeficha jambo.

Kitu kimoja usikate: majina ya wanafunzi waliofanya vizuri, kama yapo. Mzazi amesafiri kuja kulisikia jina hilo.

Jina la kanga

*Sisi ni akina mama 25, tunachapisha kanga za sare kwa harusi. Tumependekeza: “Tunawatakia maharusi wetu wapendwa maisha mema yenye furaha, amani na upendo wa kudumu milele.” Mchapishaji anasema ni refu. – Kikundi, Tanga*

Mchapishaji anasema kweli. Jina hukaa kwenye kisanduku kimoja cha mstari mmoja, chini ya mji wa kanga, na likivaliwa nusu yake imo kwenye mkunjo. Maneno kumi na manne yatachapwa kwa herufi ndogo hata mtu wa hatua tatu asiyasome. Tafuteni kati ya maneno mawili na saba.

Njia ni kuhesabu mizani, kama kwenye shairi. “Wema hauozi” ni sita. “Mdhaniaye ndiye siye” ni tisa. “Japo sipati tamaa sikati” ni kumi na moja, tano kwa sita, na kila upande unaishia kwa *-ti*. Ndiyo maana linaganda kichwani. Hata kaulimbiu zilizodumu Tanzania zimejengwa hivyohivyo: “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973 ni mizani tano, “Chakula ni Uhai” ya 1975 ni saba. Hazina kivumishi hata kimoja. Nomino, *ni*, nomino.

Katika pendekezo lenu, “wapendwa”, “mema”, “furaha”, “amani” na “upendo” vyote vinasukuma kwenye mlango mmoja. Chagueni kimoja. Tulianza na “Ndoa yenu, raha yetu”, mizani nne kwa nne, tukaridhika nayo kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kisha tukaisoma kwa jicho la jirani: ndoa yenu ndiyo burudani yetu! Kanga husomwa na watu wanaotafuta kijembe, na maneno machache huacha nafasi kubwa ya kukipata. “Furaha yenu ni yetu” ina mizani nane vilevile, na haina pa kushikwa. Kabla ya kulipa, msomeeni yule mwenzenu anayependa mipasho kuliko wote. Asipocheka, chapeni.

Mjomba hajibu

*Nilimtumia mjomba wangu wa Unguja ujumbe: “Naomba namba ya fundi wa friji.” Ni siku tatu hajajibu. Dada yangu aliyeko Muscat anasema nimemvunjia heshima. Si mlisema tuandike kwa ufupi? – Msomaji, Dar es Salaam*

Dada yako anajua. Salamu si mafuta ya kukatwa. Kwa mzee wa pwani ndiyo mlango, na wewe umeingia kwa dirisha. “Shikamoo mjomba” ni maneno mawili. Lakini usiangukie kosa la pili, la kutuma “Shikamoo” peke yake na kungoja “Marahaba” ndipo useme shida. Hapo unamfungulisha simu mara mbili, na katikati anahangaika: kuna nini, nani anaumwa? Weka vyote pamoja: “Shikamoo mjomba, natumai nyote hamjambo. Naomba namba ya fundi wa friji. Yetu haigandishi tangu juzi.” Kipande cha mwisho kimeongeza urefu, ila kitamsaidia kuchagua fundi.

Kwa ile ya siku tatu zilizopita, mpigie.

“2x3” kwenye bahasha

*Ninafanya kazi duka la dawa. Tunaandika “2x3” kwenye bahasha ya vidonge. Ni fupi na kila mtu anaielewa. Kuna ubaya? – Msomaji, Mwanza*

Kila mtu *dukani* anaielewa. Mgonjwa akifika nyumbani anaweza kuisoma “vidonge vitatu mara mbili”, na kutwa nzima atakuwa amemeza sita vilevile, ila kwa mafungu makubwa kuliko yaliyokusudiwa. Isitoshe, haisemi kwa siku ngapi, kabla ya chakula au baada. “Vidonge 2, mara 3 kwa siku, siku 5, baada ya kula” inaandikwa kwa sekunde kumi. Panapohusika kipimo, tarehe au pesa, usipime ufupi kwa idadi ya maneno. Pima kwa idadi ya maswali ambayo mtu angerudi kuuliza. Na huyu mara nyingi harudi.

Kiswahili kina shimo lake hapa, nasi tunaliona kila wiki kwenye habari tunazoletewa. “Juma alimwambia Ali kwamba amehamishwa.” Nani amehamishwa? A- haisemi ni yupi kati ya wawili, na haitofautishi mume na mke kama zinavyofanya lugha nyingine. Mwandishi anayeogopa kurudia jina huacha wasomaji wagawanyike. Rudia: “Juma alimwambia Ali kwamba yeye Ali amehamishwa.” Neno moja au mawili ya ziada ni bei ndogo. Kumbukumbu za mkutano ndizo zinazoumia zaidi, maana “alikubali kulipa” ikisomwa miezi sita baadaye huwa haina mwenyewe.

Tangazo la msiba

*Kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp mtu akifariki hutumwa sauti za dakika sita, watu wanalia, na bado hatujui mazishi ni lini. Tupeni kiolezo. – Msomaji, Bukoba*

Kulia kuna haki yake. Kutolewe kwa sauti, na tangazo liwe maandishi, lisambazwe na mtu mmoja aliyeteuliwa na familia. Sauti haiwezi kutafutwa wala kunakiliwa namba. Mambo ya lazima ni jina kamili la marehemu, ni nani wa nani (wajukuu walioko mbali hawajui majina rasmi ya bibi zao), amefariki lini na wapi, msiba uko nyumba gani, mazishi siku gani saa ngapi na makaburi yapi, na namba ya mtu mmoja wa kuuliza. Kama kuna mchango, namba ya kupokelea na *jina litakalotokea kwenye simu*, maana matapeli hupenda misiba. Yote haya hutoshea maneno 50 hadi 60.

Mfano, mkijaza penye vitone: “Tunasikitika kutangaza kifo cha … (Mama …, mke wa marehemu Mzee …), kilichotokea Jumatatu 9 Juni hospitali ya … Msiba uko nyumbani kwake … Mazishi Alhamisi 12 Juni, saa 8 mchana, makaburi ya … Maulizo na mchango: … , jina …”

Usiandike “kesho” wala “jana”. Tangazo husambazwa kwa siku tatu, na “kesho” yake husogea nalo. Kuna watu hufika makaburini siku ya pili. Saa nazo ziandikwe pamoja na wakati wake, saa 8 *mchana*, kwa sababu ndugu walioko Ulaya na Marekani, hasa watoto waliozaliwa huko, husoma 8 kama saa 2 yetu. Ukiona wako wengi, ongeza saa ya tarakimu kwenye mabano: (14:00).

Ratiba ikibadilika, usitume kipande cha “ni saa 9 badala ya saa 8”. Tuma tangazo zima upya, juu yake liandikwe LIMEBADILIKA pamoja na tarehe na saa uliyolituma, kwa kuwa la zamani bado linazunguka kwenye makundi ambayo hata huyajui.